Mgeni wa Saa ya Chakula

Mke wa Fundi alikuwa akimenya yai la kuchemsha siku moyo wa mumewe ulipobisha hodi kwa mara ya kwanza. Alikuwa amefika nusu. Ganda lilikuwa lile la ukaidi, linalotoka vipande vidogo vidogo na kuondoka na nyama ya yai, na yeye alikuwa amelishikia chini ya meza kidogo, juu ya mapaja, kama mtu anayefanya jambo lisilohitaji kutazamwa. Wali ulikuwa umeshapakuliwa. Mchuzi wa samaki ulikuwa kwenye bakuli. Mezani walikaa wanne: Fundi mwenyewe, aliyeshona nguo za watu tangu ujana mpaka figo zilipomgomea, mkewe, mtoto wao wa kwanza, waliyeendelea kumwita Kifunguamimba hata baada ya kuota ndevu, na mke wa Kifunguamimba, mkamwana mwenye mkono mwepesi na ulimi mwepesi zaidi.

Mlango uligongwa mara mbili, ukanyamaza, ukagongwa tena mara mbili.

Nyumba ile ilikuwa na tabia moja ambayo haikuwahi kuzungumzwa. Mlango ukigongwa wakati wa chakula, kitoweo kilifunikwa kwa kawa, kile kifuniko cha ukili, kikasukumwa chini ya benchi, na hapo ndipo mtu alipoitikia "Karibu." Aliyewafundisha tabia hiyo ni jirani mmoja waliyempa jina la Bwana Harufu, kwa kuwa alikuwa na kipaji cha kupita hapo kila sufuria ilipoipuliwa. Bwana Harufu alikuwa amehama zamani, tena kwa kuagana vizuri, lakini mikono ya watu wa nyumba ile haikupata habari hiyo.

"Karibu," alisema mkamwana, kawa likiwa limeshafika chini ya benchi pamoja na samaki na yai lililomenywa nusu.

Mlango ukafunguka, ukaingia moyo.

Ulikuwa na ukubwa wa ngumi ya mwenyewe, rangi ya zambarau iliyoiva, umelowa kidogo kama aliyetembea kwenye manyunyu. Ulisimama kizingitini ukidunda. Fundi aliweka mkono kifuani, akasikiliza, akautoa.

"Ni wangu huo," alisema. "Ingia, bwana. Mtu habaki mlangoni kwake mwenyewe."

Mkamwana aliuvutia kigoda, akakipangusa kwanza kwa upindo wa nguo yake. "Sasa, baba, na huyu tumwite nani? Baba mdogo?"

"Mwite upendavyo, mradi umpishe apumzike. Katoka mbali."

"Kutoka kifuani mpaka mlangoni ni mbali?"

"Inategemea umepitia wapi," Fundi alisema, akaendelea kula wali wake na mboga zilizochemshwa mara mbili na maji yake kumwagwa.

Moyo ulikaa. Haukutaka maji, wala haukugusa wali. Moyo hauna macho, hilo linajulikana, lakini wote wanne waliona umeelekea wapi. Ulikuwa umeelekea chini ya benchi, kwenye kawa. Mke wa Fundi alihisi masikio yakipata moto. Walimaliza kula, moyo ukaaga, ukarudi mahali pake, na Fundi akajikuna kifua kidogo kama mtu aliyevaa shati jipya.

Mambo yalianzia mbali kidogo.

Ugonjwa ulipokuwa mchanga, daktari alisema figo za Fundi zimechoka na zipunguziwe mzigo. Nyama ale kwa kuonja, samaki vivyo hivyo, yai aliage. Maneno hayo yalipokelewa nyumbani kama sheria, na sheria ile ilishikwa barabara. Kabla ya hapo yai la baba lilikuwa la baba, hata mtoto mchanga alijua. Lilipokosa mwenyewe, likahamia kwenye sahani ya Kifunguamimba, ambaye sasa ndiye aliyekaa kwenye cherehani ya baba yake, na tepu ya kupimia ya baba yake shingoni. Mama ndiye aliyelihamisha, kwa mkono wake, na siku hiyo lilikuwa jambo la haki.

Baadaye figo ziligoma kabisa. Fundi akaanza kupelekwa kwenye mashine ya kusafisha damu, katika chumba kirefu chenye viti vya kulala na madirisha yasiyofunguka. Siku za mwanzo alikuwa akisinzia kitini, mrija mmoja ukitoa damu mkononi na mwingine ukiirudisha. Ndipo mtaalamu wa lishe, mwanamke mrefu mwenye sauti ya mwalimu wa chekechea, alipomwita mkewe ukumbini.

"Mama, sasa sheria imegeuka," alimwambia. "Kabla ya mashine tulimkataza. Sasa mashine inaosha uchafu, lakini inapoosha inaondoka na vilivyo vizuri pia. Kwa hiyo ale. Yai, samaki, nyama, kila siku asikose. Maji na chumvi ndivyo mwendelee kuvibana, na matunda nitakuonyesha yapi ya kuepuka. Mwili ukikosa chakula, mzigo wote unaangukia moyo. Umenielewa, mama yangu?"

"Nimeelewa, mwanangu."

Na alikuwa ameelewa. Hilo ndilo lililomkalia vibaya baadaye. Hakubaki na hata kipenyo kidogo cha kusema kwamba hakuelewa.

Jioni ile waliporudi, mumewe alikwenda kujinyoosha. Kifunguamimba alikuwa ameshakaa mezani, mahali pa baba yake, shavu moja limevimba kwa yai. "Wamesemaje huko, mama?" aliuliza.

"Wamesema tubane maji na chumvi," alijibu, na ilikuwa kweli. Sehemu iliyobaki aliiwekea kesho. Mtu hamtoi mwanawe tonge mdomoni.

Kesho ilipofika, yalikuwa yamekuwa mambo mawili ya kusema: kwamba sheria imegeuka, na kwamba jana aliijua akanyamaza. Keshokutwa yakazidi. Aibu ni kama unga wenye hamira. Uufunike usiku, asubuhi unaukuta umefika ukingoni mwa bakuli. Na mayai yalikuwepo. Hakuna siku nyumba ile ilipokosa yai la pili au kipande cha pili cha samaki. Kilichokosekana ni sentensi moja.

Baada ya siku ile ya kwanza, moyo ukawa unakuja kila saa ya chakula. Uligonga mara mbili, mara mbili, na kila ulipogonga kawa lilikwenda chini ya benchi. Mwanzoni mkamwana alisema, "Jamani, tunamficha nani? Si mtu wa nyumbani huyu?" Lakini mkono ukizoea kuficha hauulizi ni nani anayekuja. Zilipita siku nyingi hivyo, moyo umekaa kigodani ukielekea benchi, na watu wanne wakila huku wakitazama wali.

Fundi aliona moyo wake unahisi baridi. Alichukua tepu shingoni kwa mwanawe, akaupima kwa unene na kwa urefu, akaushonea koti. Kitambaa hakukitafuta mbali. Suruali zake zote zilikuwa zimempwaya, na siku hizo kazi yake kubwa ilikuwa kuzipunguza kiunoni na mapajani. Vipande alivyovitoa vikatosha koti dogo la rangi ya kijivu, lenye kola na kifungo kimoja.

"Fundi hakosi kazi," mkamwana alisema. "Mteja akikosekana anajitolea mwenyewe."

"Mteja huyu anasumbua kidogo," Fundi alijibu, sindano ikiwa mdomoni. "Anakua."

Na kweli ulikuwa ukikua. Koti lilibana, Fundi akalifumua ubavuni, akaongeza kipande kutoka suruali ileile. Likabana tena. Suruali akaipunguza tena. Mkewe aliketi upande wa pili wa chumba akichambua mchele, akaona kitambaa kikitoka kwenye suruali kwenda kwenye koti, kikitoka hapa kwenda pale, na kila mkasi ulipolia aliinamia ungo zaidi, ingawa mchele ulikuwa safi na mawe yalikuwa yamekwisha.

Kule kwenye mashine, moyo ulifuatana nao. Nesi wa mashine alikuwa kijana mchangamfu, aliyempenda Fundi kwa sababu ya vitendawili.

"Mzee wangu, mashine imemaliza, panda kwenye mizani. Na huyo ashuke, nisije nikawapima wawili."

Fundi alipanda peke yake, moyo ukatoka nje kungoja. Nesi akatazama, akapiga kofi. "Uzito uleule! Ukishamaliza mashine unabaki palepale, haupandi, haushuki. Ningekuwa na wagonjwa wote kama wewe ningelala usingizi."

"Kitendawili," Fundi alisema.

"Tega."

"Mtungi wangu, kila siku wanauchota, kila siku umejaa."

Nesi alifikiri huku akimfunga mkono. "Bahari?"

"Bahari haina mchotaji mzuri kama wewe. Nipe mji."

"Chukua mji."

"Ni mimi," Fundi alisema, akainua mguu wa suruali kumwonyesha kifundo kilichojaa kama andazi. Mashavu yake yalikuwa yameingia ndani na miguu yake imejaa. Nesi alicheka, kisha akaacha kucheka, akaenda kumwita daktari.

Kwenye kiti cha jirani alilala mgonjwa waliyemwita Dereva, kwa kuwa aliendesha malori mpaka alipougua, na hata sasa alilala akiwa ameshika usukani usiokuwepo. Dereva alifungua kifurushi chake, akatoa mayai mawili ya kuchemsha, akayala bila haraka, akilamba kidole kati ya moja na jingine. Fundi alimtazama.

"Yule mwenzangu anakula mayai," alimwambia mkewe kwa sauti ya chini.

"Naona."

"Labda figo zake ni za aina nyingine."

"Labda," alijibu mkewe, akaurekebisha mto wa mumewe ambao haukuwa na kasoro.

Daktari alikuja. Aliweka kipimo chake cha masikioni kwenye kifua cha Fundi, akasikiliza, akakihamisha, akasikiliza tena. "Haupo hapa."

"Uko kwenye benchi nje," Fundi alisema. "Uliona foleni ni ndefu."

"Basi uingie."

Moyo uliingia ukiwa na koti lake, ukawekwa juu ya kimeza cha dawa. Daktari aliufungua kifungo, akausikiliza kwa muda mrefu. Kisha akaushika mkono wa Fundi, juu ya kiwiko, akaifinya nyama iliyobaki pale kama mtu anayenunua kitambaa na kutia shaka.

"Kilo ni zilezile," alisema, "lakini kilo si nyama peke yake. Mzee huyu nyama inatoka na maji yanaingia mahali pake, na mizani haina ulimi, haijui tofauti. Sisi tulikuwa tunamwachia maji ndani tukidhani ni mwili wake. Moyo umekuwa ukisukuma bwawa. Ndiyo maana umepanuka hivi." Akamgeukia mke wa Fundi. "Mama, anakula?"

"Anakula, daktari."

"Mayai? Samaki? Nyama?"

Moyo ulikuwa juu ya kimeza, umbali wa kiganja kutoka alipoweka mkono wake. Ulidunda mara mbili, ukanyamaza, ukadunda mara mbili, kama unavyofanya mlangoni, na yeye mwili wake wote ukataka kufunika kitu.

"Anapata," alisema.

"Mke wangu hanipunji, daktari," Fundi alisema kutoka kitini. "Hata siku moja."

Daktari akaridhika, maana mtu akishuhudiwa na mumewe amekwisha kushuhudiwa. Alisema watashusha ule uzito anaotakiwa kubaki nao baada ya mashine, watoe maji zaidi, na chakula kiendelee hivyohivyo. Mke wa Fundi aliomba ruhusa kwenda kunawa uso. Alikaa bombani muda mrefu, na maji yalipita mikononi mwake bila kufika usoni.

Njiani kurudi walitembea taratibu, maana Fundi alichoka baada ya mashine, na moyo ulichoka zaidi yake. Walipita maduka ya vyuma, wakapita kinyozi, wakapita mwanamke anayeuza ndoo za plastiki zilizopandana kama mnara.

"Daktari ameuliza habari ya mayai," Fundi alisema.

"Ameuliza."

"Ameuliza kama mtu anayemwuliza mtoto kama amekwenda shule."

Mkewe alimshika kiwiko. Walivuka barabara.

"Mimi kazi yangu maisha yangu yote ni kuwavika watu," Fundi alisema walipofika ng'ambo, kana kwamba mtu alikuwa amemwuliza kuhusu kazi. "Kumvua mtu sijawahi kujifunza. Twende polepole, mwenzangu, moyo uko nyuma."

Usiku ule alilala kama gogo na mkewe hakulala. Alipanga sentensi. Aliianza kwa "Wanangu," akaifuta. Akaianza kwa "Nisikilizeni," akaifuta. Mwisho akaona sentensi haina haja ya kutangulia, itafuata nyuma ya yai. Yai likishakaa kwenye sahani ya mwenyewe, maneno yatajitokeza. Kitendo kina mguu mrefu kuliko ulimi. Alilala kidogo alfajiri akiwa amefarijika.

Mchana alichemsha yai. Alilimenya juu ya meza, si mapajani, na ganda siku hiyo lilitoka kwa hiari, likabaki zima kama kofia. Mlango uligongwa mara mbili, mara mbili. Mkamwana aliposhika kawa, mama alimwambia, "Liache." Moyo ukaingia kwa ubavu, maana sasa ulikuwa na ukubwa wa papai na mlango ulianza kulikwaruza koti lake. Ukakaa kigodani. Wote walikuwa wamekaa. Mke wa Fundi alinyoosha mkono, akaliweka yai kwenye sahani ya mumewe, juu ya wali, katikati.

Lilionekana jeupe sana. Fundi alilitazama, hakuligusa. Moyo uliokuwa umeelekea benchi siku zote ukageuka taratibu, ukaelekea meza.

"Mama," Kifunguamimba alisema.

"Naam."

"Mama, unafanya nini? Unataka kummaliza baba kwa mkono wako?" Hakusema kwa ukali. Aliweka kijiko chini. Alikuwa mtoto aliyempenda baba yake na aliyeshika sheria ya baba yake kuliko watu wote wa nyumba ile. Kila siku alikula yai lile kama mtu anayemwondolea baba yake sumu. "Si daktari alikataza? Si wewe mwenyewe uliyetuambia?"

Hapo ndipo penyewe. Sentensi ilikuwa imefika, imesimama nyuma ya meno, imevaa, tayari kutoka. Mke wa Fundi aliona uso wa mwanawe, uso wa mtu ambaye angejua sasa hivi amekuwa akila nini siku zote hizo, na ni nani aliyempakulia. Aliona mkamwana ameinua nyusi. Fundi alikuwa akitazama wali, amejikunja kidogo, kama mtu anayegeuza uso mwenzake abadilishe nguo.

"Nimesahau," mama alisema.

Akalichukua yai kwa vidole vitatu, akalivusha meza, akaliweka kwenye sahani ya mwanawe. Punje mbili za wali zilikuwa zimeganda chini yake. Kifunguamimba alizipangusa, akaligawa yai mara mbili, akala.

"Mama yenu amechoka," Fundi alisema. "Kuuguza ni kazi. Mpunguzieni."

"Kweli, mama, upumzike kidogo," mkamwana alisema kwa huruma, na huruma ile ilimchoma kuliko tusi.

Moyo ulikaa mpaka mwisho wa chakula. Ulipoaga ulipita mlangoni kwa shida, na kifungo cha koti kilikatika, kikabingirika mpaka miguuni pa mke wa Fundi. Alikiokota, akakitia kifukoni.

Siku iliyofuata moyo ulibisha hodi, wakaitikia "Karibu," na haukuingia. Wakaitikia tena. Kifunguamimba alikwenda kutazama. Ulikuwa umesimama barazani, mkubwa kama boga la kuuzwa kwa vipande, umejaza nafasi ya mlango na kuzidi pande zote mbili. Watu waliopita njiani waliusalimu, na mmoja alisimama kuuliza habari za Fundi, akaambiwa hajambo kidogo.

"Hauingii," Kifunguamimba alirudi kusema.

"Usukumwe?" mkamwana aliuliza.

"Moyo wa baba yangu nisukume kama gunia?"

Walikula siku hiyo mlango ukiwa wazi, moyo ukidunda nje. Fundi alikula akiwa na mkono kifuani na kuvuta pumzi fupifupi. Kisha Kifunguamimba, ambaye hakuweza kumwona baba yake akipata shida bila kufanya jambo, akafanya jambo. Alikwenda kumwita seremala.

Seremala alikuwa mtu mnene, mwenye penseli sikioni na vumbi la mbao kwenye nyusi. Aliutazama mlango, akautazama moyo, akautikisa mwimo kwa mkono. "Mlango mzuri huu. Mnautoa kwa nini?"

"Mgeni haingii."

"Ana upana gani?"

Fundi ndiye aliyejibu, maana vipimo vya koti alikuwa navyo kichwani. Seremala aliandika kwa penseli ukutani.

"Acha na nafasi kidogo," Kifunguamimba alisema. "Unaongezeka."

Mke wa Fundi alikuwa amesimama jikoni na maji ya mayai yakianza kuchemka. Alisikia neno hilo, akapunguza moto, kana kwamba moto ndio uliosema.

Kazi ilikwenda vizuri. Mwimo wa zamani ulitolewa, tofali zikapunguzwa upande mmoja, mbao mpya ikakaa, bawaba zikatiwa mafuta. Majirani walisifu. Mlango sasa ulikuwa wa mabawa mawili, kama wa ukumbi wa harusi, na moyo ulipoujaribu uliingia bila kugusa popote, bila hata kubisha hodi, ukaenda kukaa. Kigoda hakikuutosha tena. Walikuwa wameupangia benchi, lile lile la kawa. Kifunguamimba alisimama kando akatazama, mikono kiunoni, amefurahi. Alikuwa amemsaidia baba yake.

Seremala alikaribishwa chakula. Hapakuwa na kitu cha kufichwa, wala mahali pa kukificha. Mayai yalikuwa matatu: la Kifunguamimba, la mkamwana, na la mgeni. Mbele ya Fundi paliwekwa wali na mboga zilizochemshwa mara mbili. Alikuwa amevaa suruali ambayo haikubakiwa na kitambaa cha kupunguza. Sasa aliikaza kwa kamba.

"Kitendawili," Fundi alisema.

"Tega," walisema wote, pamoja na seremala, kwa furaha.

"Nyumba yangu haina mlango."

Kila mtu aliyewahi kuwa mtoto analijua jibu lake. Ni kitendawili cha kwanza kabisa, cha kufundishia vingine. Kifunguamimba alifungua mdomo kujibu, na mdomo ulikuwa umejaa. Akaacha kutafuna. Mkamwana alitazama sahani yake. Seremala alicheka peke yake: "Nyumba isiyo na mlango, mzee, mimi sina kazi nayo." Kisha akaona hakuna aliyecheka, akaangalia kipande kilichokuwa mkononi mwake, akakirudisha kwenye sahani polepole.

Moyo ulidunda pale kwenye benchi. Bakuli za mezani zilitikisika kidogo kila ulipodunda, na mchuzi ukawa unafanya viduara.

"Mmeshindwa?" Fundi aliuliza. "Nipeni mji."

Alikuwa akimtazama mkewe. Hakuwa na hasira. Alimtazama kama alivyokuwa akiwatazama wateja wake walipoivaa nguo kwa mara ya kwanza na yeye amepiga magoti, pini mdomoni, akingoja waseme kama inabana.

Mke wa Fundi aliingiza mkono kifukoni, akakishika kile kifungo.

"Chukua mji," alisema. "Chukua ule wa ng'ambo ya mto, wenye soko."

Fundi akaupokea mji wake kwa kuinamisha kichwa, kama desturi. "Nimekwenda kwenye mji huo," alisema. "Watu wake wakanipokea, wakanikalisha, wakanipa maji ya kunawa. Wakanipa nikala, nikashiba."

"Na jibu, baba?" Kifunguamimba aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Jibu analo mama yenu. Atawaambia kesho."

"Kesho," alisema mke wa Fundi.

Wakamaliza kula. Seremala alishukuru, akachukua msumeno wake, akatoka kupitia mlango mpana na kuusifu tena kwa kuugonga kwa kidole. Mke wa Fundi akakusanya maganda ya mayai yaliyokuwa mezani, vipande vyote, hata vile vidogo vilivyonata kwenye mbao. Akayaweka kwenye bakuli, akayafunika kwa kawa. Hakuna aliyekuwa amebisha hodi.